Ngazi za Bethnal Green: kimbilio lililogeuka kaburi

Stesheni ya Bethnal Green, mashariki mwa London, ilitumiwa na maelfu ya watu kama kimbilio la kujikinga na mabomu miaka sita kabla ya treni ya kwanza ya abiria kusimama hapo. Katika ngazi za stesheni hiyo, usiku wa tarehe 3 Machi 1943, watu 173 walikufa bila ya bomu hata moja kuanguka karibu. Haya ni maandishi ya mazungumzo kuhusu historia ya stesheni hiyo na jinsi ilivyojengwa.

Msikilizaji, anayesafiri kwa treni za chini ya ardhi jijini London kuelekea mashariki, kwa njia ya Central inayochorwa kwa rangi nyekundu katika ramani, huiacha stesheni ya Liverpool Street na baada ya dakika chache hufika Bethnal Green. Si stesheni kubwa, wala haina jengo la fahari juu ya ardhi. Mpita njia huona ngazi tu zinazoteremka kutoka kando ya barabara, pale Cambridge Heath Road inapokutana na Roman Road. Upande mmoja kuna bustani, na upande wa pili lipo kanisa la Mtakatifu Yohana, lililojengwa katika miaka ya 1820 kwa ramani ya msanifu John Soane. Maelfu ya watu huteremka ngazi hizo kila siku kwenda kazini, na wengi wao hawana habari ya yaliyotokea pale.

Ili kuyaelewa yaliyotokea, ni lazima kwanza kuelewa kwamba stesheni hii ilikuwa kimbilio kabla ya kuwa stesheni.

Mradi uliokatizwa na vita

Katika miaka ya 1930, njia ya Central ilikuwa ikiishia Liverpool Street. Wakazi wa mitaa ya mashariki, ambayo ilikuwa na watu wengi na wengi wao mafukara, walitegemea mabasi, tramu na reli za juu ya ardhi zilizojaa kupita kiasi. Mwaka 1935 ulitangazwa mpango mkubwa wa kupanua usafiri wa London, na mwaka uliofuata kazi ya kuchimba njia mpya kuelekea mashariki ilianza. Bethnal Green ilipangwa kuwa miongoni mwa stesheni za njia hiyo.

Vita Vikuu vya Pili vya Dunia vilipozuka mwezi wa Septemba 1939, sehemu kubwa ya mahandaki ilikuwa imekwisha chimbwa, lakini reli zilikuwa bado kutandikwa na stesheni zilikuwa hazijakamilika. Kazi ikasimamishwa. Serikali ikajikuta na maili kadhaa za njia za chini ya ardhi zisizopita treni. Sehemu moja ya mahandaki hayo, mbele zaidi upande wa mashariki, iligeuzwa kuwa kiwanda cha vipuri vya ndege za kivita. Bethnal Green ilipata kazi nyingine.

Tarehe 7 Septemba 1940, ndege za Ujerumani zilianza kuishambulia London kwa mabomu usiku baada ya usiku. Shabaha kubwa ilikuwa bandari na maghala ya mashariki ya jiji, na nyumba za wafanyakazi zilizoyazunguka ndizo zilizoumia zaidi. Hapo mwanzo serikali haikutaka stesheni za chini ya ardhi zitumiwe kama mahali pa kujificha. Ilihofu kwamba watu wakishazoea kukaa chini hawatatoka tena kwenda kazini, na kwamba usafiri wa jiji utakwama. Wananchi hawakungoja ruhusa. Walinunua tiketi za bei ya chini kabisa, wakashuka na mablanketi yao, wakakataa kupanda. Mwisho wa mwezi huo, katika usiku mmoja tu, watu wapatao 177,000 walihesabiwa wakiwa wamelala katika stesheni za jiji. Serikali ikakubali yaliyokwisha kuwa.

Mji chini ya mji

Bethnal Green ilifunguliwa rasmi kuwa kimbilio katika mwezi wa Oktoba 1940, chini ya usimamizi wa halmashauri ya mtaa. Kwa kuwa hakukuwa na treni, ilikuwa na nafasi ambayo stesheni nyingine hazikuwa nayo. Katika njia za reli viliwekwa vitanda vya ghorofa vya kulalia watu 5,000, na nyakati za mashambulizi makali walioingia walifika hata 7,000. Familia zilikuwa na tiketi zao na vitanda vyao, na majirani wa juu wakawa majirani wa chini.

Polepole ukazuka mji mdogo. Palikuwa na mkahawa wa chai na vitafunio, zahanati, mahali pa kulelea watoto, na ukumbi wa michezo ya kuigiza na muziki wenye nafasi ya watu 300. Maktaba ya mtaa ilipopigwa bomu katika usiku wa kwanza kabisa wa mashambulizi, wakutubi walihamisha baadhi ya vitabu na kufungua maktaba ndogo chini ya ardhi, juu ya mbao zilizofunika njia ya treni. Watoto waliazima vitabu hapo jioni kabla ya kulala. Wapo waliokulia humo, na uzeeni walikuwa wakisimulia kwamba hawakumbuki hofu sana kama wanavyokumbuka nyimbo, joto la watu wengi na harufu ya mahali pale.

Kwa hiyo, msikilizaji, wakazi wa Bethnal Green waliiamini stesheni yao. Kina chake kilikuwa kinga ya kutosha dhidi ya bomu lolote la wakati ule. Kasoro yake ilikuwa kwenye mlango.

Vidato kumi na tisa

Stesheni hiyo kubwa, yenye uwezo wa kulaza watu 7,000, ilikuwa na mlango mmoja tu wa kuingilia. Kutoka barabarani ziliteremka ngazi za vidato 19, zenye upana wa kama mita tatu. Chini yake palikuwa na kijisakafu kidogo kilichozungukwa na kuta. Hapo mtu aligeuka upande wa kulia, akateremka vidato vingine saba na kufika katika ukumbi wa tiketi. Baada ya hapo ndipo zilipoanza ngazi ndefu za kushukia kwenye vitanda.

Ngazi hizo zilikuwa za stesheni isiyomalizika. Vidato vilikuwa vya saruji yenye kingo za mbao, na kingo hizo hazikupakwa rangi nyeupe ya kumwonyesha mtu mahali pa kukanyaga gizani. Katikati hapakuwa na reli ya kushikia, kwa hiyo aliyekuwa katikati ya umati hakuwa na kitu cha kujizuia asianguke. Kwa sababu ya amri ya kuficha mwanga wakati wa vita, ngazi nzima iliangazwa na taa moja hafifu ya wati 25, nayo ilikuwa imefunikwa kwa sehemu. Juu, penye barabara, paliwekwa kizuizi cha mbao.

Halmashauri ya mtaa haikuwa imelala kabisa. Mwaka 1941 iliwaandikia wakuu wa ulinzi wa raia wa London ikiomba idhini ya kuuimarisha mlango ule, kizuizi cha mbao kiondolewe na ukuta wa matofali ujengwe, ikieleza hofu yake kwamba umati ukija kwa nguvu mbao zile hazitastahimili. Ombi likakataliwa kwa hoja kwamba ni kupoteza fedha. Halmashauri ikaandika tena, jibu likawa lile lile. Barua hizo hazikuitaja reli ya katikati wala taa. Hata hivyo zinaonyesha kwamba wapo walioutazama mlango ule na kuona hatari ya umati miaka miwili kabla ya hatari yenyewe kufika.

Usiku wa tarehe 3 Machi 1943

Kufikia mwanzo wa mwaka 1943 mashambulizi yalikuwa yamepungua sana, na waliolala chini walikuwa mamia tu. Lakini tarehe 1 Machi ndege za Uingereza ziliupiga mji wa Berlin kwa mabomu mengi, na wakazi wa London walijua kwamba kisasi kingekuja. Jumatano ya tarehe 3 wengi walikaa wakitegea sikio.

Saa 2 na dakika 17 usiku king'ora kililia. Watu wapatao 500 walikuwa tayari wamo ndani. Wengine wakatoka majumbani na watoto na vifurushi. Sinema za jirani zikasimamishwa. Mabasi yakasimama na abiria wakashuka. Katika muda wa dakika 10 watu wapatao 1,500 waliteremka kwa utaratibu, bila ya mkasa wowote, kama walivyokuwa wamezoea.

Saa 2 na dakika 27 ukasikika mngurumo wa kutisha. Katika bustani ya Victoria Park, si mbali na hapo, kikosi cha ulinzi wa anga kilikuwa kimefyatua makombora ya kutungulia ndege. Yalikuwa makombora ya aina mpya, ambayo sauti yake wakazi hawakuwa wameizoea, na hapakuwa na aliyewaarifu. Wakadhani ni mabomu ya adui yanashuka juu yao. Waliokuwa juu barabarani wakasukuma kuingia.

Wakati huo huo, kwenye kidato cha tatu kutoka chini, mwanamke mmoja aliyekuwa na mtoto alijikwaa akaanguka. Mwanamume mmoja akaanguka juu yake. Waliokuwa nyuma yao hawakuona kitu kwa sababu ya giza, na hata wangeona wasingeweza kusimama, kwa kuwa wa nyuma yao walikuwa wakisukumwa na wa nyuma zaidi. Katika sekunde chache tu watu wapatao 300 walikuwa wamebanana katika ngazi ile, tabaka juu ya tabaka, kutoka sakafuni hadi karibu na dari. Wa juu barabarani waliendelea kusukuma wakiamini kwamba mlango umefungwa na wao wameachwa nje.

Wengi wa waliokufa hawakukanyagwa. Walibanwa vifua hata wakashindwa kuvuta pumzi. Walinzi na watu waliokuwa chini walijaribu kuwavuta kwa mikono wakashindwa, kwa maana miguu na mikono ilikuwa imefumana na uzito wa juu ulikuwa mkubwa mno. Askari polisi mmoja aliyekuwa nje ya zamu alitambaa juu ya miili gizani hadi chini, akaona hali ilivyo, kisha akatambaa tena hadi juu kwenda kutaka msaada. Ilifika saa 5 na dakika 40 usiku ndipo mtu wa mwisho alipotolewa. Baadhi ya waliokuwa wamelala chini kabisa hawakujua lolote mpaka asubuhi.

Waliokufa walikuwa wanaume 27, wanawake 84 na watoto 62. Zaidi ya watu 60 walipelekwa hospitali. Miili ilipelekwa katika vyumba vya maiti vya mitaa ya jirani, na vilipojaa, kanisa la Mtakatifu Yohana likatumiwa. Usiku huo hakuna bomu lililoanguka Bethnal Green.

Ukimya

Wasikilizaji watakumbuka maafa mengine katika treni za chini ya ardhi za London: ajali ya stesheni ya Moorgate ya mwaka 1975 iliyoua watu 43, na moto wa King's Cross wa mwaka 1987 ulioua 31. Yote mawili hayafikii idadi ya Bethnal Green. Hata hivyo, kwa miaka mingi maafa ya Bethnal Green ndiyo yaliyotajwa kwa uchache zaidi, na sababu yake ni uamuzi wa serikali.

Siku ya pili ilitolewa taarifa fupi kwamba watu wamekufa katika kimbilio moja la chini ya ardhi jijini London. Jina la stesheni halikutajwa. Serikali ilihofia kwamba Ujerumani ingeitumia habari hiyo katika propaganda, na kwamba wananchi wangevunjika moyo. Hakimu Laurence Dunne aliteuliwa kufanya uchunguzi, akawahoji mashahidi faraghani, na kabla mwezi wa Machi haujaisha ripoti yake ilikuwa mezani kwa Waziri wa Mambo ya Ndani, Herbert Morrison. Ripoti ikafungiwa.

Pasipo na habari ya kweli, uvumi hujaza nafasi. Wapo waliosema Wayahudi wa mashariki ya London ndio waliozusha taharuki. Wapo waliodai kuwa ni wafuasi wa vyama vya kifashisti, na wengine wakawataja wezi wa mifukoni. Dunne aliyachunguza madai hayo na kuyatupilia mbali, na la Wayahudi alilikanusha kwa uwazi kabisa. Lakini kwa kuwa ripoti ilifichwa, hata ukweli uliowasafisha wasio na hatia ulifichwa pamoja nayo. Halmashauri ya mtaa nayo ilikatazwa kusema, na kwa hiyo haikuweza kujitetea kwa kuonyesha barua zake za mwaka 1941. Viongozi wake waliibeba ghadhabu ya mitaani wakiwa wamefumba midomo.

Ripoti yenyewe ilitaja mwanga hafifu, kukosekana kwa reli ya katikati, na kutokuwepo kwa askari wa kuongoza watu mlangoni. Lakini sababu kuu, kwa maoni ya Dunne, ilikuwa kwamba baadhi ya watu walipoteza utulivu. Familia za marehemu zilipokuja kuyasoma maneno hayo, ziliona kwamba lawama imewaangukia waliokufa. Mwaka 1944 mjane mmoja alifungua kesi, na mahakama ikaamua kwamba halmashauri ya mtaa ilizembea katika hali ya ngazi zile. Rufaa haikubadili uamuzi huo. Baada ya hapo serikali haikuwa tena na njia ya kuendelea kuficha, na ripoti ikachapishwa mwezi wa Januari 1945.

Marekebisho yenyewe hayakungoja mahakama. Mara baada ya maafa, reli za kushikia ziliwekwa, kingo za vidato zikapakwa rangi, na milango ya makimbilio mengine ikakaguliwa. Kazi hiyo haikuhitaji elimu mpya wala fedha nyingi.

Stesheni yafunguliwa

Vita vilipokwisha, vitanda viliondolewa, reli zikatandikwa, na tarehe 4 Desemba 1946 treni za abiria zikaanza kusimama Bethnal Green. Stesheni iliyofunguliwa ilikuwa ya mtindo wa Charles Holden, msanifu aliyezipa stesheni nyingi za London sura yake ya miaka ya 1930: mistari iliyonyooka, mwanga wa kutosha na mapambo machache. Kuta zake zimefunikwa kwa vigae vya rangi hafifu, na hapa na pale kuna kigae chenye picha iliyoinuka, kazi ya msanii Harold Stabler. Picha hizo ni alama za London na majimbo yanayoizunguka, miongoni mwao jengo la Bunge na nembo ya duara ya treni za chini ya ardhi. Ni stesheni chache tu zilizobaki na vigae hivyo.

Lakini kwa takriban miaka 50 hapakuwa na alama ya wazi ya maafa kwenye stesheni yenyewe. Kibao kidogo kiliwekwa juu ya ngazi mwaka 1993. Walionusurika na jamaa za marehemu walikiona hakitoshi, na mwaka 2007 ikaundwa jumuiya ya kuchangisha fedha za mnara wa kumbukumbu. Iliwachukua miaka 10. Mnara huo, uliobuniwa na msanifu Harry Paticas, ulizinduliwa mwezi wa Desemba 2017 katika pembe ya bustani, hatua chache kutoka mlango wa stesheni.

Namna ulivyojengwa inastahili kuelezwa. Ni ngazi ya mbao za msaji, yenye ukubwa ule ule wa ngazi ya mwaka 1943, iliyopinduliwa na kuning'inizwa hewani, juu ya vichwa vya wapitao. Pembeni yamechongwa majina ya marehemu. Katika paa lake kuna matundu 173, na jua linapotoka, kila tundu hupitisha mwale wake wa mwanga. Katika jamii ya Bethnal Green mnara huo huitwa Ngazi ya Kwenda Mbinguni.

Mtu akitoka kwenye mnara na kuingia stesheni, atateremka pale pale walipoteremka wale wa mwaka 1943. Atakuta taa za kutosha na kingo za vidato zinazoonekana. Katikati ya ngazi ataikuta reli ya kushikia. Siku ambazo umati unakuwa mkubwa mno katika stesheni za London, wafanyakazi hufunga malango ya juu kwa muda hadi walio chini wapungue. Abiria hulalamika kwamba wanacheleweshwa. Utaratibu huo una maana moja tu: asiye na nafasi chini asiruhusiwe kusukuma kutoka juu.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Bethnal Green iliomba ukuta ikanyimwa, na gharama iliyolipwa baadaye imechongwa jina kwa jina katika mbao za mnara ule. Kila mwaka, katika mwezi wa Machi, ibada ya kuwakumbuka marehemu hufanyika katika kanisa la Mtakatifu Yohana, ng'ambo ya barabara. Walionusurika wamebaki wachache, na sasa watoto na wajukuu zao ndio wanaobeba kumbukumbu hiyo.